Simu ya Upepo Iliyogoma Kusema

Tangu jua lichomoze, Bundala alikuwa amebonyeza kitufe cha simu ya upepo ya zahanati yake mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Hospitali ya misheni aliisikia vizuri. Sista aliita zahanati moja moja, akifika kwake anangoja kidogo, hasikii kitu, anaendelea. Bundala alijibu kila mara, na sauti yake ikaishia mle mle chumbani.

Chumba cha pili Lukresia alikuwa na uchungu siku ya pili, mtoto amelala kwa upande tumboni. Hapo palitaka kisu cha daktari, na daktari alikuwa maili arobaini. Bundala alikuwa dresa. Alijua vidonda, homa na sindano, basi. Bila Landrova ya hospitali, Lukresia asingeuona usiku.

Ndiyo maana alikubali Zengo, mume wa Lukresia, aende Dutwa kumleta Mihayo, ingawa moyo haukumpa. Mihayo alikuwa fundi baiskeli. Ilisemekana alibeba simu kama hizo mgongoni huko Burma wakati wa vita, lakini watu husema mengi.

Mihayo alishuka kwenye baiskeli ya Zengo, akajikung'uta vumbi.

"Mwangaluka, bhabha dresa."

"Mwangaluka. Ifungue upesi, imekufa."

Mihayo akatega sikio. "Maiti haisikii wala haikoromi. Hii inamsikia sista. Betri ni nzima, waya wa juu upo. Kwa nini nimpasue mzima?"

Akavuta kigoda, akaketi. Bundala alitamani kumtukana.

"Bonyeza. Achia. Bonyeza tena. Siku za nyuma ukibonyeza, ndani kulikuwa na kitu kinalia?"

Bundala akakumbuka. "Kimota. Kililia kama nyuki."

"Na leo?"

"Kimya."

"Basi amri yako haifiki kwenye kimota. Inapotelea njiani."

Akalegeza skrubu pale waya wa kipaza sauti unapoingia kwenye simu, akaunganisha nyaya mbili kwa ncha ya kisu. Kimota kikalia. Akaondoa kisu, kikanyamaza. Bundala akasahau hasira. Miaka mitatu alikuwa na mashine ile, na hakuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuihoji kama mgonjwa, swali kwa swali, bila kubahatisha.

"Huku ndani hakuna ugonjwa," alisema Mihayo. "Uko mkononi mwako."

Akakichukua kipaza sauti mkononi mwa Bundala, akakifungua. Chini ya kitufe kulikuwa na uchafu wa manjano, umegandamana na vumbi. Akaunusa.

"Samli."

Bundala akatazama chini. "Ni mimi. Kitufe kilikuwa kizito, nikakilainisha kama tunavyolainisha ngozi."

"Samli ya nani?"

"Ya mama mkwe."

"Anajua kusukasuka maziwa, huyo. Ila umeme haupiti kwenye samli. Leta spiriti yako na pamba."

Hakumcheka. Alizungushia pamba kwenye njiti ya kiberiti, akavisafisha polepole vindimi viwili vya shaba vinavyogusana kitufe kikibonyezwa, kama anayemtoa mtoto mchanga tongotongo. Lukresia alipopiga ukelele, mkono wake mnene uliendelea kusafisha.

"Haya, ita."

Bundala akabonyeza. Kimota kikalia.

"Nakusikia, Bundala," sista akasema. "Sema."

Akasema yote kwa pumzi moja. Zengo, aliyesimama mlangoni, akaketi chini pale pale aliposikia Landrova inaondoka sasa hivi.

Kesho yake hospitali ilipoita, Bundala aliandika habari kwenye daftari, akapanda baiskeli mpaka Dutwa. Alimkuta Mihayo kachuchumaa, gurudumu liko mapajani.

"Wa kike," Bundala akasema.

"Na mama yake, mayu Lukresia?"

"Mzima. Kashonwa, kanywa uji."

Mihayo akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kutazama gurudumu lake. "Nishikie hapa, limepinda."

Bundala alikuwa amevaa kaptura nyeupe ya kazi. Akachuchumaa kwenye grisi, akashika.