Nyumba Zilizogeukia Turubai

Jumapili ya kwanza katika kijiji kipya, Josepha alifagia chini ya turubai, akapanga mawe ya kukalia, akausimamisha msalaba wa mninga juu ya kreti tupu la bia. Kanisa la kigango chao lilikuwa limebaki kilomita kumi na nane nyuma, limeezuliwa paa, sawa na nyumba zote walimoondolewa Agosti ile ya mwaka 1974. Huku, nyumba thelathini na sita zilijengwa kwa mistari mitatu kando ya njia ya zamani ya wapagazi, milango yote ikitazama barabara. Ramani ya afisa mipango, Ndugu Eustace, ilikuwa na ofisi, ghala na mlingoti wa bendera. Kanisa halikuwamo, ndiyo maana Josepha akatundika turubai uwanjani, nyuma ya mistari.

Alikuwa katekista, mjane, na sauti yake ilisikika mbali. Asubuhi hiyo alisoma kitabu cha Hesabu, pale Waisraeli wanapoelekezwa namna ya kupiga kambi jangwani: hema la kukutania katikati, Walawi wakilizunguka, Yuda mashariki, Reubeni kusini, Efraimu magharibi, Dani kaskazini. Alipofika kwa Dani, nyumba zikaanza kusogea.

Hazikuwa na haraka. Zilijiburuta kwa kuta zao za udongo, zikapishana kwenye kona, zikasimama tisa kila upande, milango ikielekea turubai. Mzee Anton alikuwa kitandani na homa, anakunywa uji. Baadaye alisema halikumwagika hata tone, ila alipotoka kujisaidia alikikosa choo. Kuku walifuata nyumba zao. Nyumba ya Josepha ilisogea karibu kuliko zote, mahali pa Walawi. Akamaliza somo, wakaimba.

Kesho yake Eustace akafika na Land Rover.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani amehamisha nyumba hizi?"

"Zimejihamisha."

Eustace akaandika. "Kwa kibali cha nani?"

"Siku mliyotupakia sisi kwenye malori hatukuona kibali. Nyumba nazo zimedhani ndio utaratibu."

Eustace akaagiza turubai lishushwe. Mgambo wawili wakalikunja, wakalitia garini. Josepha akaleta kigoda, akaketi palepale, jua likimpiga utosini, akafungua kitabu. Alisoma bila kuruka neno. Watu wakatoka, wakakaa nyuma yake. Likaletwa trekta kuzirudisha nyumba kwenye mistari. Likavuta mpaka mnyororo ukakatika. Siku ya nne Eustace alilirudisha turubai mwenyewe, maana wageni kutoka makao makuu walikuwa njiani na kijiji hakikufanana na ramani. Akachora ramani nyingine juu ya boneti ya gari. Turubai akaliandika "ghala".

Wageni walifurahi. Mkubwa wao alisema mkoa mzima hajaona kijiji kilichopangwa vizuri hivi, akauliza wazo lilikuwa la nani.

"Ni kazi ya ofisi," alisema Eustace.

Josepha akasimama.

"Mihogo yetu iko ardhini kule tulikotoka, imekomaa. Hapa watu wanalala na njaa. Tunaomba kwenda kuchimba."

"Eneo lile limefungwa, mama," mgeni akajibu. "Hakuna kurudi nyuma."

"Sikuomba kurudi. Nimeomba kula."

Mgeni akatazama saa yake, akampa Eustace mkono wa pongezi, wakapanda magari.

Jumatatu iliyofuata Josepha alitia jembe begani, akaishika njia. Mgambo walimkuta kilomita ya kumi, wakamrudisha, wakabaki na jembe.

Jumanne akaazima la Mzee Anton, akaenda tena.