Jiwe la Mama Tiampati

Laiti Hussein angekuwa na mdomo unaofungika, Hajira asingelijua jiwe lile wala mwenye jiwe.

Hussein alikuwa na duka la dawa za mifugo Handeni mjini. Kila aliyeingia kununua dawa ya kupe alitoka na dawa yake, na juu yake habari za dada yake Hajira aliyeko Korogwe, mwalimu mstaafu, mwenye mashine ya kukata vito. Asichokisema ni kwamba dada huyo hanunui mawe wala hauzi. Alifundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akajipatia mashine kuukuu kwa fundi mmoja wa Arusha ambaye macho yalikuwa yamemchoka, na tangu hapo hukaa chumba cha nyuma akisaga vipande vya ganeti, kito chekundu, visivyotakiwa na mtu, kwa raha yake. Wengine wakistaafu hufuga kuku. Yeye alipenda pembe, zile za hesabu.

Ijumaa moja Hajira alikwenda Handeni kumjulia hali mdogo wake, aliyedai kuumwa mgongo. Akamkuta mgongo mzima, na mgeni kwenye benchi.

"Dada, huyu ni Mama Tiampati," Hussein alisema. "Nimeshamwambia utamsaidia."

Mgeni alikuwa mama mrefu mkavu, wa umri wa kumzidi Hajira kidogo, jina lake hasa Nalotuesha. Alikuwa ametoka kwenye maboma ya wafugaji tangu alfajiri, na vumbi la njia lilikuwa bado miguuni. Walisalimiana vizuri, wakaulizana habari za nyumbani na za mvua. Kisha akatoa kikopo cha ugoro ndani ya shuka yake, akakigonga, likamdondokea kiganjani jiwe la ukubwa wa yai la kwale, jeusi, lenye ganda la mabonde mabonde.

"Mume wangu Leboo aliliokota lamboni," alisema. "Ng'ombe alilifukua kwa kwato. Alikaa nalo miaka kumi na mmoja. Alikuwa akiniambia ndani yake mna moto. Mimi sikuwahi kuuona. Sasa yeye hayupo, na mimi nataka kuuona."

Hajira alikuwa tayari ameshapanga maneno ya kukataa, maana alikuwa amekataa wengi. Lakini alitoka nje nalo, akalielekeza juani, na ukingoni, pale ganda lilipokuwa jembamba, akaona wekundu wa zambarau ukipenya. Miaka minne ya kusaga makombo, hakuwa amewahi kushika ganeti ya namna ile.

"Lina ufa," alisema.

"Naujua. Uko hapa." Nalotuesha aliweka kidole penyewe bila kutazama.

Ndivyo Hajira alivyorudi Korogwe na jiwe la mtu, akimlaani mdogo wake kimoyomoyo tangu stendi mpaka nyumbani.

Kazi yenyewe ilimtoa jasho. Jiwe hugandishwa kwa nta kwenye kijiti cha chuma, kijiti hufungwa kwenye mkono wa mashine, na mkono hushushwa jiwe ligusane na sahani ya kusagia inayozunguka ikidondoshewa maji. Ukikosea pembe kwa nyuzi mbili tu, mwanga unaoingia juu hutokea chini na kupotea, na jiwe linakuwa kama dirisha. Hajira aliweka nyuzi arobaini na mbili. Aliukata ufa wote, maana ufa ukiachwa hupasua jiwe siku yoyote. Umeme ukakatika. Ukarudi, ukakatika tena. Jirani akaja kuuliza kama kelele zile ni za kusaga karanga, na kama ni karanga, naye anazo kidogo.

Kisha kukawa na uso mmoja, bapa dogo la jiwe, uliokataa kung'aa. Upande wa chini aliuchonga nyuso kumi na sita. Kumi na tano ziling'aa kama maji, wa kumi na sita ukabaki na mikwaruzo. Aliusugua mara tisa. Alibadilisha unga wa kung'arishia, akaosha sahani kwa sabuni, akaosha mikono, akaosha hata meza. "Wewe," aliliambia jiwe kwa sauti aliyokuwa akiitumia kwa kidato cha pili B, "sijui unamkomoa nani." Mara ya kumi uso ukang'aa wenyewe, bila yeye kujua alichofanya tofauti, na hilo lilimuudhi kuliko yote.

Jambo moja hakulisahau. Kabla hajaanza, alimpigia Hussein simu.

"Mwambie Mama Tiampati jiwe likikatwa hupungua. Hili lina ufa, litabaki theluthi moja tu. Kama hataki, nisianze. Mwambie neno kwa neno."

"Nimekuelewa, dada."

Siku ya pili Hussein akapiga. "Nimeongea naye. Anasema endelea."

Alichomwambia Nalotuesha, kama ilivyokuja kujulikana, ni hiki: "Dada anasema litapendeza sana."

Basi wiki ya tatu, asubuhi, wakabisha hodi: Nalotuesha na mwanawe Tiampati, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye viatu vya matairi na simu mbili. Alitoa shikamoo yake kwa adabu, akakataa chai kwa adabu, akaomba kuliona jiwe. Hajira aliwaingiza chumba cha nyuma kwa furaha. Upande wa chini ulikuwa umekwisha, na juu alikuwa ameshafungua uso mmoja mkubwa wa bapa, ule wa kutazamia ndani. Zilibaki nyuso ndogo za pembeni, kuuzunguka ule mkubwa.

Tiampati aliinama juu ya mashine.

"Mwalimu," alisema, "jiwe la baba lilikuwa hivi." Akaonyesha kwa vidole. "Hili ni hivi."

"Nilituma salamu kwamba litapungua."

"Salamu hiyo haikufika. Mwalimu, ng'ombe akichinjwa, hata asiyekula nyama huona ngozi. Ya hili iko wapi?"

Hajira akachomoa beseni la chini ya sahani, lenye maji yaliyotuama na tope la rangi ya majivu, akaliweka mezani kwa kishindo kidogo.

"Ngozi yake hiyo hapo. Yote."

Nalotuesha alichovya kidole kwenye tope, akalisugua kwa kidole gumba, akamwambia mwanawe kitu kwa Kimaasai. Tiampati akauliza kama kuna chupa tupu.

"Ya nini?"

"Mama anasema hili nalo ni la baba."

Hajira alikwenda jikoni akaleta chupa ya maji ya kunywa, na muda wote huko alikuwa akiongea peke yake. Aliporudi alikuwa ameamua. "Mama," alimwambia Nalotuesha, "kaa hapa kwenye kiti changu. Ukate mwenyewe uso mmoja, uone jiwe linavyokwenda. Baada ya hapo utaniambia kama mimi ni mwizi."

"Sijakuita mwizi," Nalotuesha alisema. Lakini alikaa.

Hajira alimwekea pembe, akawasha, akaushika mkono wa yule mama kuonyesha uzito wa kushusha. Sahani ilikwaruza kwa sauti nene. Nalotuesha aliinamisha kichwa, shanga za sikioni zikining'inia, akafumba macho. Hajira alitaka kumwambia afumbue, kisha akaacha. Sauti ilipoanza kuwa nyembamba, mama aliinua mkono kabla hajaambiwa.

Hajira akatazama kwa kioo cha kukuzia. Uso ulikuwa sawa. Yeye mwenyewe ilimchukua miezi mitatu, na mawe saba yaliyoharibika, kuisikia sauti ile inayosema basi.

"Nani kakufundisha?"

"Mtoto akinyonya, maziwa yakiisha, sauti hubadilika," alisema Nalotuesha. "Hata ndama ni hivyo." Akapapasa jiwe kwa ncha ya kidole, pembezoni, pale ganda la zamani lilipokuwa bado. Kulikuwa na kibonde kidogo. "Leboo alikuwa akiweka gumba hapa akiwa anafikiri. Usikikate."

"Mama, hapo ndipo panapokuja nyuso nyingine. Zimebaki kumi na tano."

"Zisije."

Hajira alieleza. Alieleza kama mwalimu, kwa karatasi na penseli, jinsi mwanga unavyoingia na kurudi, na jinsi jiwe lisilo na nyuso za pembeni linavyokuwa kama nyumba isiyoezekwa. Alisema hajawahi kutoa mkononi mwake jiwe nusu. Tiampati, ambaye mpaka hapo alikuwa upande wa kudai, sasa alianza kumbembeleza mama yake amwachie mwalimu amalize. Nalotuesha aliwasikiliza wote wawili mpaka wakamaliza.

"Jiwe ni la nani?" aliuliza.

Hajira alipasha nta moto, akalibandua jiwe, akalisafisha kwa spiriti, akaliweka kiganjani mwa mwenye jiwe. Moyoni alikuwa amekasirika hasa. Aliyaona makosa yote: ganda kuzunguka ukingo, uso mmoja wa pembeni umekaa peke yake kama jino la mtoto, bado una mikwaruzo ya sahani.

Nalotuesha alitoka uani, akasimama juani, akatazama kupitia lile bapa la juu. Alitazama muda mrefu. Mwanga ulimpiga shavuni, doa jekundu likitikisika kila alipopumua. Baadaye alikaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, akafunika macho kwa shuka, na Tiampati akageuka kuutazama mpapai.

Hajira aliweka maji ya chai. Safari hii hawakukataa.

Walipoondoka, Nalotuesha alimshika mikono yote miwili. "Umeniwashia ule moto," alisema, na ndiyo shukrani aliyoitoa. Hajira alirudi chumba cha nyuma, akaketi mbele ya mashine. Akakiri kwamba jiwe lilikuwa zuri, na akaendelea kukereka. Usiku ule alichora mchoro mwingine ambao ungekiacha kile kibonde na bado kupata nyuso tisa, akaona ungewezekana kabisa kama angeulizwa mapema na mtu mwenye akili, akauchana.

Baada ya wiki mbili Hussein alipiga simu.

"Dada, Mama Tiampati amelionyesha jiwe maboma yote. Walikuja watu watatu hapa dukani na mawe yao. Wanataka kama la kwake. Nusu nusu."

"Nusu nusu," Hajira alirudia.

"Ndiyo. Ganda libaki kidogo. Ndivyo wanavyopenda."

"Hussein, waambie mashine imeharibika."

"Nimeshawaambia ni nzima," alisema. "Wapo njiani kuja kwako."