Saa za Ufunguo za Mzee Pankras

Mzee Pankras wa Mapera hakuwa na gari wala bati jipya, lakini alikuwa na saa tatu za mkono, za kale za Uswisi, zile nzito zenye vitufe viwili ubavuni vya kuanzisha na kusimamisha mshale. Msimu wa kahawa ukiwa mzuri wenzake walinunua pikipiki. Yeye aliteremka Mbamba Bay kuwatafuta mabaharia wastaafu, akarudi na saa. Walimcheka wee, hakujali. Mikono yake ilipoanza kutetemeka, bintiye Flavia ndiye aliyezitia ufunguo kila asubuhi, akizungusha kifundo kidogo cha ubavuni taratibu huku baba ametega sikio.

"Basi, mama, imeshiba," mzee alikuwa akimwambia.

Mzee alipofariki, siku ya kuondoa matanga, Baba mdogo Tobias alizigawa saa. Moja akaichukua mwenyewe, moja akampa mwanawe Victor, moja akampa Jerome, mdogo wake Flavia. Flavia alipewa sufuria.

"Baba mdogo, naomba hata moja. Mimi ndiye niliyezitunza."

"Saa ya kiume hiyo, mwanangu. Utaivaa wapi, jikoni?"

Wanaume wakacheka. Jerome naye akacheka, na hicho ndicho kilichomchoma Flavia. Hakuna aliyeuliza saa hizo zinakwendaje, naye akafunga mdomo. Hazikuwa na betri. Zisipotiwa ufunguo zingesimama. Acha zisimame, alijisemea. Watakuja wenyewe kunipigia magoti.

Mvua zikanyesha, zikakatika. Hakuja mtu.

Jumapili moja baada ya misa Jerome alimsogelea, mkono wa shati ameukunja makusudi.

"Dada, umeiona? Zote zilikufa siku ya pili tu! Nikazikusanya, nikampelekea fundi kule Kitai, akatia mashine mpya za betri. Sasa haikosei hata dakika."

Flavia aliutazama mshale. Zamani uliteleza, sasa ulikuwa unarukaruka. Vile vitufe viwili vilikuwa vimegandishwa kwa gundi.

"Na mashine za zamani?"

"Zile mbovu? Mbili fundi alishatupa. Hii nimekuletea wewe, maana najua ulivyozipenda." Akamtolea kifuko cha nailoni mfukoni, anatabasamu.

Alikuwa anampa kwa moyo mweupe kabisa, na Flavia alimchukia kwa hilo.

Nyumbani aliifungua nailoni juu ya kitenge. Mashine ilikuwa nzima, vigurudumu vyake vinang'aa, haina hata chembe ya kutu. Angesema neno moja tu siku ile ya matanga, zote tatu zingekuwa zinakwenda mpaka leo. Alijua hivyo, na alijichukia kuliko alivyomchukia Jerome.

Vidole vyake vikaanza kupapasa ubavuni, vikitafuta kifundo cha kuzungusha. Fundi alikuwa amekibakiza kwenye saa ya Jerome.