Kitako cha Kuku

Volahanta alishuka Mahajanga na hasira zake, na hakuzificha. Kwa miezi minane mwanawe wa kwanza, Tojo, alikuwa hampigii simu ila Jumapili, na Jumapili yenyewe mazungumzo yalikuwa hujambo, sijambo, huku joto, haya Mama. Ndiyo maana mwezi wa saba, umande wa Antsirabe ulipoanza kuganda kwenye mashamba ya karoti, alimwambia mumewe kwamba likizo hii wanakwenda pwani kumwona mtoto, na kama yeye hataki, abaki na baridi yake. Rasendra alikataa wiki nzima. Mara mgongo, mara safari ni ndefu, mara kuna posa ameombwa akaseme. Alipoona mke ameshafunga mizigo, akasema basi naye anakuja.

Rasendra alikuwa msemaji. Kwao ukoo hauendi kuposa bila mtu wa kuusemea, na huko Antsirabe walimtafuta yeye. Alishasema kwa niaba ya baba za watu, mama za watu, hata marehemu wa watu, na wakwe walikuwa wakijifuta machozi yeye akiwa bado anaomba radhi ya kusimama. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Volahanta alizoea, alidhani yanamwishia kazini.

Tojo alikuwa amepanga vyumba viwili uani kwa Jaovita, fundi mstaafu wa mashine za bandarini. Joto la uani halikuwa na adabu. Hata hivyo Rasendra alikaa kibarazani na koti lake la sufi na kofia yake kichwani, jasho likimchuruzika hadi kwenye kola.

"Baba, utaiva humo ndani," alisema Sahondra, binti yao wa miaka kumi na tisa.

"Mimi si mtu wa kukaa kifua wazi kama hawa."

Kulikuwa na msichana jikoni. Tojo alimtambulisha huku akiangalia ukuta. "Huyu ni Soazara. Jirani yetu. Ananisaidia kupika."

Volahanta hakuzaliwa jana. Jirani gani anajua chumvi iko nyuma ya mtungi bila kuangalia? Jirani gani anamwambia kijana wa watu, "Viatu, Tojo," naye anavivua mlangoni bila kununa? Yeye mwenyewe aliimba wimbo huo wa viatu miaka ishirini na hakusikilizwa. Akangoja mwanawe aseme ukweli. Siku ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, kijana kimya. Msichana naye alikuwa akimwekea sahani kwa mikono miwili, macho chini, kisha anatoka kinyumenyume. Alikuwa anamwogopa. Hilo lilimkera Volahanta kuliko uongo wenyewe, maana hakuwa amemfanyia lolote.

Siku ya tatu ilikuwa Jumapili. Soazara alipika kuku wa nazi, na Jaovita, ambaye mkewe alikuwa amekwenda kwa dada yake, akaitwa aje ale nao mchana.

Kuku kwao ana kiungo kimoja kisichogombaniwa. Mapaja ni ya watoto, mabawa ni ya yeyote, lakini kitako, kile kinofu cha mafuta mwisho wa mgongo, ni cha mzazi. Mtoto hukitafuta mwenyewe ndani ya sufuria na kukipeleka kwa mzazi wake kabla mtu mwingine hajapakuliwa. Ukimpa mtu kitako umeshamwambia wewe ni mwanawe, huhitaji kuongeza neno.

Tojo akazamisha upawa, akakipata. Rasendra alikuwa ameshasogeza sahani yake mbele. Upawa ukapita juu ya sahani ile bila kusita, ukaenda moja kwa moja hadi kwa Jaovita.

"Pokea, Baba," alisema Tojo.

Kisha akaona alichofanya, akabaki ameushika upawa hewani, mchuzi ukidondokea kitambaa.

"Kaka," alisema Sahondra, "baba yuko huku."

Jaovita alikuwa mdogo kwa Rasendra kwa miaka kumi, kwa hiyo hata kisingizio cha umri hakikuwepo. Akaisukuma sahani katikati ya meza. "Kijana amechanganya tu, mama. Joto hili linachosha."

"Amechanganya nini?" alisema Volahanta. "Mkono hauchanganyi kitu unachokifanya kila Jumapili. Tojo, huyu ni nani kwako?"

"Ni mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba hupewa kodi. Nimekuuliza ni nani kwako."

Tojo akaweka upawa chini. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, lakini alisema akiangalia sahani kama mtoto. "Alikaa mahali pa Baba. Siku nilipomwoa Soazara. Mwezi wa kumi na moja. Yeye ndiye aliyesema mbele ya kwao, na yeye na mkewe ndio waliotunyunyizia maji ya baraka."

Volahanta hakulia. Alitaka kuvunja kitu, na alichokuwa nacho karibu ni glasi ya mwanamke aliyempikia, kwa hiyo hakuivunja.

"Kwani mimi nilikuwa nimekufa?"

"Hapana, Mama."

"Nilikuwa nimelazwa? Nimekuwa kiziwi? Yale mashuka ya harusi yako ninayoyatarizi tangu una miaka kumi na minane, nilikuwa namtarizia huyu bwana na mkewe? Umesimama umenyunyiziwa maji na mikono ya watu baki, na mimi niko Antsirabe napalilia karoti, naulizwa sokoni Tojo ataoa lini, nami najibu bado, bado, bado. Umenifanya mjinga mbele ya wauza mchele."

"Mama, usimgombeze," alisema Soazara kutoka mlango wa jikoni.

"Wewe ngoja, zamu yako inakuja."

"Wewe ndiye uliyekataa!" Tojo alisema, na sauti yake ikapasuka. "Nilimpigia Baba. Mara tatu nilimpigia. Ya tatu akaniambia amekuuliza, na wewe umesema... Hata sasa, kabla hamjaja, akanionya kwamba ukijua Soazara ni mke wangu utageuza siku hiyohiyo."

Volahanta akamgeukia mumewe. Rasendra alikuwa akipekua achari kwa uma, taratibu, kijani huku, njano kule.

"Soazara, njoo hapa," alisema Volahanta. "Uliambiwa mimi nilisema nini?"

Msichana alimwangalia Tojo, kisha akaamua mwenyewe. "Kwamba mguu wa pwani hautakanyaga kaburi la ukoo wako. Na kwamba mwanao akinioa, asikuite mama, mpaka siku atakayoniacha ndipo akuite tena."

"Ukasikia hayo, na siku tatu hizi umenipikia?"

"Tojo alisema likizo ni wiki moja tu."

Maneno yale Volahanta aliyatambua papo hapo. Hakuwahi kuyasema, lakini alijua yalikoshonwa. Alishakaa kwenye mikeka ya posa za kutosha kuujua mshono: mguu kwanza, kisha kaburi, kisha pumzi moja, kisha "mpaka". Mumewe alikuwa amemsemea, kama anavyowasemea wateja wake, tena kwa ustadi. Miezi minane mtoto wake alikuwa akipiga simu Jumapili kwa woga, na yeye akimwona hana shukrani.

"Simama," alimwambia. "Vua kofia."

"Volahanta, tuna wageni."

"Wageni ni sisi. Vua kofia, usimame, uwaambie."

Rasendra akavua kofia. Paji la uso lilikuwa na mstari mwekundu. Akasimama, akakohoa, na mabega yakajipanga yenyewe kama siku zote.

"Naomba radhi," alianza, "kwa kunyanyuka mbele ya walionitangulia na mbele ya watakaonifuata, maana mimi si wa kwanza kwa akili wala..."

"Hapana," alisema Volahanta. "Hiyo ni ya posa. Posa ilishapita, hukuwepo."

Bila utangulizi Rasendra hakujua pa kuweka mikono. "Mama yenu hakusema yale."

"Nani alisema?"

"Ilisemwa kwa ajili ya kulinda..."

"Ilisemwa na nani?"

"Nilidhani Tojo akikaa peke yake atachoka, atarudi nyumbani. Nilikuwa nalinda ukoo."

"Sikukuuliza ulikuwa unalinda nini, Rasendra. Nimeuliza nani."

Mtu aliyewaliza wakwe wa nusu ya Antsirabe alikuwa anatafuta neno moja.

"Mimi," alisema.

"Samahani, mzee," alisema Jaovita kwa heshima zote. "Huku mwisho hatukusikia."

"Mimi. Nilisema mimi."

Tojo aliinamisha kichwa juu ya meza. Sahondra alikuwa analia bila sauti, akimwangalia baba yake kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Volahanta alifikiri neno lile likitoka atapoa. Hakupoa. Siku ile ya mwezi wa kumi na moja ilikuwa moja tu. Angejitanda lamba, shuka lake la hariri la sherehe, angechovya vidole kwenye maji, angewanyunyizia wote wawili na kusema maneno ambayo alikuwa nayo tayari tangu mtoto huyu anatambaa. Sasa maneno yale yamebaki kwake, na hakuna aliyeyahitaji tena, maana wamesharubuniwa na kufunzwa kuishi bila yeye.

"Basi la kupanda Antsirabe linaondoka Jumanne," alimwambia mumewe. "Utapanda peke yako. Ukifika, utapita nyumba kwa nyumba kwa ndugu zangu na zako, na utawaambia ulichonisemea, kwa maneno yako, bila kuomba radhi ya kusimama. Mimi nitapiga simu kila nyumba kuuliza."

"Na wewe utarudi lini?"

Soazara alikuwa amevuta kiti cha mbao, akakipangusa kwa kanga yake, akakiweka nyuma ya Volahanta. "Kaa, Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Wali unapoa."

"Nakuja kula, mwanangu," alisema Volahanta, bila kumwondolea macho mumewe. "Sijamaliza na huyu."