Fundi wa Jioni

Afisa wa kodi alipoingia dukani, Mama Uzi alikuwa anabadilisha zipu ya sketi ya shule na pini zilikuwa mdomoni, kwa hiyo alimsalimia kwa nyusi. Afisa hakukasirika. Alikuwa kijana mpole, viatu vyake vimechoka. Aliangalia pasi, meza ya kukatia na nguo zilizokuwa zikisubiri wenyewe, halafu akauliza ile cherehani nyeusi ya kukanyaga, ya pale dirishani, ni ya nani.

Mama Uzi akatoa pini mdomoni. "Ya baba watoto," akasema. "Yeye anashona jioni."

Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, kama kweli ni kosa. Alijibu kama alivyozoea kuwajibu wateja. Mtaa mzima ulijua kwamba baba watoto alishafariki zamani, hivyo hakuona sababu ya kuongeza neno. Marehemu alikuja jua linapozama, akavua kofia, akakaa kwenye cherehani yake na kuendelea pale alipoishia. Kazi yake ilikuwa makoti. Alishona vizuri kuliko alipokuwa hai, maana haraka ilikuwa imemwisha. Shida yake ilikuwa macho tu. Tangu ujana hakuweza kutunga uzi kwenye sindano, na kufa hakukumsaidia chochote. Uzi ukikatika alinyamaza, mkono juu ya gurudumu, mpaka mkewe aje, alowanishe ncha ya uzi kwa ulimi na kuupitisha. Ndoa yao yote ilikwenda hivyo. Wengine hupeana maua.

Afisa akaandika: mafundi wawili. Haukupita muda ikaja hesabu ya kodi ya fundi wa pili, pamoja na adhabu ya miaka yote ambayo hakujisajili. Mama Uzi akajifunga kitambaa kichwani, akaenda ofisi ya kodi kueleza kwamba fundi wa pili ni marehemu. Dirishani walimsikiliza vizuri sana. Hakuna aliyebisha kwamba marehemu anashona. Walimweleza tu kwamba sheria inaangalia kazi, haiangalii pumzi, na kama haridhiki apande juu akamwone Mkubwa.

Mkubwa alikuwa ghorofa ya mwisho. Katibu wake aliusukuma mlango kidogo ili mama wa watu ajionee: kiti kipana cha ngozi, na koti la kijivu limevalishwa mgongo wa kiti.

"Yupo," katibu akasema. "Si unaona koti lake? Ametoka kidogo."

Mama Uzi alilitambua koti lile kwa kola yake. Mumewe ndiye aliyelishona, tena baada ya kufa, na Mkubwa mwenyewe alilifuata dukani akalisifu mpaka akachoka. Basi akakaa kwenye benchi akisubiri. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Kutoka pale alipokaa aliliona koti likifanya kazi. Lilipokea simu. Lilikohoa. Madereva waliingia wakalipa heshima zake, wakatoka. Walipa kodi tu ndio halikuwapokea.

Mtoto wa dada yake alikuwa wakili, na ndiye aliyesema shauri lipelekwe kwenye baraza la rufaa za kodi. "Usihofu, mama mdogo," alimwambia, "hii iko wazi kabisa." Ilikuwa wazi, ndiyo. Lakini siku ile ile walipofungua shauri, gari la ofisi ya kodi likaja dukani, wanaume wakaibeba cherehani nyeusi iwe dhamana mpaka uamuzi utoke. Mama Uzi aliwaomba waibebe kwa miguu yake, wasishike gurudumu. Waliishika kwa gurudumu.

Jioni mumewe akaja, akavua kofia, akaona sakafu tupu.

"Wameichukua, baba watoto," mkewe akasema. "Wataileta."

Akauliza kama ilikuwa na kazi juu yake. Ilikuwa na mkono wa koti la mteja, umeshonwa nusu. Akatikisa kichwa, akavuta kigoda, akakaa palepale na kukanyaga hewa. Hivyo ndivyo alivyofanya kila jioni, akizidi kufifia, mpaka Mama Uzi akawa analiona dirisha kupitia kifua chake. Halafu jioni moja hakuja. Mama Uzi akalia kwa sauti, majirani wakaja kumshika mikono. Siku ya mazishi hakulia hivyo, kwa sababu jioni ya siku ile ile mume alikuwa amerudi. Sasa ndiyo alikuwa amefiwa.

Barazani Mkubwa alitakiwa ahudhurie mwenyewe. Dereva akalileta koti limetundikwa kwenye henga, akaliketisha, akalifunga kifungo. Mwenyekiti wa baraza akaandika kwamba upande wa kodi umefika. Wakili akasimama kupinga, akasema koti lile halina mtu ndani. Mwenyekiti akaligeukia koti, nalo likainua mkono mmoja, likaomba shauri liahirishwe. Likaahirishwa. Safari ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Koti halikuwa na haraka hata kidogo, na hilo nalo lilitokana na fundi wake.

Wakili akaomba basi hata marehemu aitwe, asikilizwe.

"Marehemu si mtu mbele ya sheria," mwenyekiti akasema.

"Na kodi anadaiwa, mheshimiwa?"

"Kodi ni jambo lingine."

Hata hivyo, mwishowe walishinda. Baraza liliamua kwamba fundi wa pili hadaiwi chochote, na cherehani irudishwe mara tu Mkubwa atakapotia saini. Wakili alimkumbatia mama yake mdogo pale ngazini, wakacheka wote wawili kama watu waliotoka harusini. Wakapanda mpaka ghorofa ya mwisho. Katibu akaweka karatasi mezani, na kalamu juu yake. Koti likanyoosha mkono. Lakini mkono wa koti unaishia kwenye pindo, na kalamu ikabaki pale ilipo.

"Subirini," katibu akasema. "Ametoka kidogo."

Mlinzi wa stoo ya ofisi ya kodi ndiye aliyeleta habari. Alikuja dukani kupunguza suruali, akasema, bila kujua anasema nini, kwamba siku hizi jioni stoo ina kelele, kuna mzee wa watu anashona mle ndani. Mama Uzi hakumalizia kupima kiuno cha mtu. Alikimbia na futi shingoni.

Alisimama nje ya ukuta, akasikia. Mshono mrefu, kituo, kona, mshono mrefu. Koti. Mlinzi alimweleza kwamba wakubwa wengine wamepeleka vitambaa vyao, kila mmoja anataka koti kama lile, na ghorofani viti vingi vimeshavaa. Hakika watu waliokuwa wakionekana kwenye korido walikuwa wamepungua.

Toka hapo Mama Uzi akawa anafunga duka mapema na kwenda kusimama pale ukutani. Ilimtosha kusikia miguu ya mumewe ikikanyaga.

Kisha jioni moja cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Hakikuwa kituo cha kona. Mama Uzi alikijua kimya kile vizuri kuliko alivyojua sauti yake mwenyewe. Uzi ulikuwa umekatika.

"Nifungulie, mwanangu," akamwambia mlinzi. "Ni kutunga uzi tu, nitoke."

Mlinzi alikuwa mtu mwenye huruma, na machozi yalimlengalenga. "Mama, mimi ningekufungulia hata sasa. Ruhusa inatoka juu."

Wote wawili wakatazama juu. Dirisha la ghorofa ya mwisho lilikuwa na taa, na mabega ya koti yalionekana, yamenyooka vizuri.

Ndani kulikuwa kimya. Mama Uzi alijua mumewe amekaaje: mkono juu ya gurudumu, uso umeelekea mlangoni. Akavuta uzi kwenye pindo la gauni lake, akalowanisha ncha kwa ulimi, akasimama ameushika mbele ya ukuta mpaka mlinzi alipokuja kumwambia, taratibu, kwamba geti linafungwa.

Kesho yake alirudi na uzi mwingine.