Mapipa Yasiyoshiba

Kiwandani walimwita Tope, naye hakununa. Jina lilitokana na kazi ya mikono yake. Kiwanda jirani cha nyaya kilikuwa kikitupa tope jekundu nyuma ya ukuta. Yeye akalichukua, akalianika juani, akalichoma kwenye karai, akalisaga na kulijaza mapipani. Maji machafu ya kiwanda chao, kilichoyeyusha betri kuukuu kupata madini ya risasi, yakapitishwa humo kabla ya kuingia mtaroni. Risasi ikaligandia tope, maji yakatoka bila sumu. Uchafu wa jirani ukawa dawa ya uchafu wao. Maabara ikapima, ikapima tena, ikaridhika.

Basi kichwa kikamvimba. "Mapipa yangu hayashibi," alitamba kantini. "Yanakula chochote mtakachoyapa."

Maneno hayohayo akayapeleka kwa dada yake, aliyelima mboga ukingoni mwa mtaro. Dada alikuwa ameyasusia maji yale kwa kuyaogopa, akibeba ndoo kutoka bombani mpaka kiuno kikamkatika.

"Mwagilia, dada. Likitokea lolote, niulize mimi."

Dada akamwagilia. Angemwamini nani tena, kama si mtoto ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni?

Asubuhi moja Tope aliingia kazini akakuta maji yanayotoka pipa la mwisho yana rangi ya chai. Akachovya karatasi ya kupimia ukali. Ikageuka nyekundu papo hapo.

"Nani amefungulia shimo la tindikali?"

Msimamizi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anamenya yai. "Mimi. Limejaa, na chokaa ya kuipoza imekwisha. Nikasema, ya nini kuhangaika, mapipa ya Tope si yanakula chochote?"

"Yanakula risasi, mzee. Tindikali inayatapisha. Yote yaliyoshika tangu siku ya kwanza yanatoka sasa hivi."

Yai likasimama njiani kuelekea mdomoni. "Ungesema."

Tope alikuwa amesema mengi. Hilo tu hakulisema. Alifunga koki, lakini shimo lilikwisha kukauka. Akapiga simu ya dada, ikaita weee mpaka ikachoka. Dada akienda bustanini simu huiacha ndani. Akatoka mbio.

Alimkuta amefunga gauni kiunoni, miguu majini, anaelekeza mkondo kwa jembe kutoka tuta hadi tuta.

"Karibu, bwana mkubwa. Leo maji yako yameletwa na majani ya chai kabisa. Sukari umebeba?"

"Toka humo, dada. Toka, nakuomba."

Dada alivyoutazama uso wake, utani ukamwisha. Akatoka. Tope akaziba mfereji kwa mawe na matope, akamweleza kila kitu, hata majigambo ya kantini. Dada alisikiliza huku akifuta miguu kwa majani, mguu mmoja, kisha mwingine, kisha wa kwanza tena.

"Nikimwaga maji ya bomba, risasi haitaoshwa?"

"Itazama chini zaidi."

"Basi lete tope lako ulimwage hapa. Si linashika?"

"Litashika, na litabaki hapahapa nayo. Risasi haiozi, dada."

"Mpaka lini?"

Mboga zilikuwa zimesimama matutani, kijani kibichi, zinameremeta kwa maji. Mnunuzi yeyote angeanza na hizo.

Tope akanyakua koleo. Akaanza kuchimba tuta la kwanza, anakwangua udongo uliolowa, anahema, jasho linamwingia machoni. Dada akasema taratibu, bila hasira, na ingekuwa nafuu kama angefoka:

"Ukishauchimba, utaupeleka wapi?"

Koleo lilikuwa limejaa. Akalinyanyua, akageuka kulia, kulikuwa na shamba la jirani. Akageuka kushoto, kulikuwa na mtaro. Akabaki amesimama nalo hivyohivyo, udongo ukichuruzika maji juu ya viatu vyake.