Uso Juu ya Shuka la Misheni

Kwenye shuka jeupe la sinema katika misheni ya Baraka nilitokea nikiwa mkono tu. Mkono ulileta kijiko cha uji, ukapangusa kidevu kisichoonekana, ukaondoka. Baadaye ulipita mgongo wangu. Uso wangu haukutokea hata mara moja.

Ilikuwa mwaka 1956. Miaka miwili kabla, mume wangu Norbert alikuwa ameanguka kutoka juu ya mchikichi, akavunjika shingo. Aliweza kusikia, na kuyaendesha macho, basi. Padri Henri alitaka watu waone anachokiona mtu wa namna hiyo, akaweka kamera kando ya kichwa cha Norbert kwa siku tano. Filamu ilipelekwa Ulaya kusafishwa, ikarudi baada ya miezi saba.

Tuliona nyasi za paa. Tuliona moshi, na mjusi aliyekaa muda mrefu kuliko mimi. Kisha shuka zima likajaa Anastasie, mdogo wangu, akitoa ulimi na kucheka.

"Bibi ya Norbert iko muzuri!" mama mmoja akapaza sauti.

"Ule ni shemeji yake," mwingine akamjibu. "Bibi ni ule wa mukono."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Anastasie alitokea mara kumi na moja.

Mama alinifundisha kumhudumia mume nikiwa nimepiga magoti, macho chini. Ndivyo nilivyomlisha Norbert, nikamwosha, nikamgeuza asipate vidonda. Kumkazia macho katika hali ile niliona ni kumvunjia heshima. Shemeji hana sheria hiyo. Yeye ana ruhusa ya kutania. Anastasie aliingia kila siku akipiga kelele: "We bwana yangu muvivu! Utaamuka lini tuende kucheza?" Kisha aliinama, akaweka uso wake pale macho ya Norbert yalipokuwa.

Asubuhi iliyofuata onyesho lile nilimwambia aende Fizi kwa baba mdogo.

"Mi nimekosa nini, yaya, dada yangu?"

"Kule banatafuta mutu wa kulima."

Alinitazama, akafunga vikwembe vyake katika furushi, akaondoka.

Mchana nilipeleka uji, nikainua uso. Norbert aliniangalia kwa adabu, kama mtu anavyomwangalia mgeni. Kisha macho yake yakaenda mlangoni. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu vilevile. Siku ya nne nikamwuliza:

"Unamungoja Anastasie? Kama ni ndiyo, funga macho."

Akafunga.

"Ameolewa kule Fizi," nikasema. Haikuwa kweli.

Akafunga macho tena, safari hii kwa muda mrefu. Alipoyafumbua, nilikuwa bado pale, shubiri moja kutoka usoni pake.

Aliishi miaka mitatu zaidi, na kila siku alinitazama. Hapakuwa na mwingine wa kutazama.